Rolex ya mtumba yenye kadi ya waranti isiyolingana nayo: ninunue au niache?

Swali (kutoka Dubai)

Salaam wakuu. Ninafanya kazi hapa Dubai, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue Rolex Submariner ya toleo la 16610, lile lenye tarehe na bezeli nyeusi (pete inayozunguka kioo), ambalo liliacha kutengenezwa mwaka 2010. Sasa nimeipata katika duka moja la saa za mtumba huko Deira. Muuzaji anataka dirham 34,000 pamoja na boksi na kadi ya waranti, wakati maduka ya jirani yanauza saa tupu ya toleo hilohilo, isiyo na boksi wala karatasi, kwa takriban dirham 29,000.

Nilimwomba auvue mkanda ili nisome namba mwenyewe. Namba ya mfululizo iliyochongwa kwenye ubavu wa chini wa kasha, pale mkanda unapopachikwa, inaanza na herufi Y. Kadi ni ya plastiki, ina tarehe ya mauzo ya mwaka 2009, na namba iliyoandikwa juu yake inaanza na herufi V. Namba ya toleo inalingana kwenye kadi na kwenye kasha, lakini namba ya mfululizo hailingani kabisa. Kwanza muuzaji alisema kasha lilibadilishwa wakati wa matengenezo, ingawa hana hati yoyote ya matengenezo hayo. Nilipozidi kuuliza akasema huenda kadi mbili zilibadilishana droo hapo dukani. Amenihakikishia kwamba saa ni halisi na kwamba kadi haina umuhimu mkubwa.

Ninaomba ushauri wa wanaozijua saa hizi. Je, maelezo yake yanaweza kuwa ya kweli? Na ikiwa saa yenyewe ni halisi, kuna ubaya gani kuinunua hivyo ilivyo?

Jibu la kwanza (kutoka London)

Mkuu, nimekuwa katika biashara ya saa za mtumba kwa miaka mingi, na nitakueleza waziwazi: kadi hiyo si ya saa hiyo, na maelezo ya kasha kubadilishwa hayasimami hata kidogo.

Tazama mfuatano wa herufi. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2010 hivi, kabla kampuni haijaanza kutumia namba zisizo na mpangilio, namba za Rolex zilitanguliwa na herufi. Wajuzi wa saa hizi huiweka Y katika miaka ya 2002 na 2003, na V katika miaka ya 2008 hadi 2010. Kama kasha lingebadilishwa baada ya saa kuuzwa mwaka 2009, ungetarajia kasha liwe jipya kuliko kadi. Hapa kasha ni kongwe kuliko kadi kwa miaka kadhaa. Hakuna kituo cha matengenezo cha Rolex kitakachoivua saa ya 2009 kasha lake na kuivisha la 2003.

Kuna jambo la pili ambalo unaweza kulithibitisha kwa macho yako bila kifaa chochote. Angalia ukingo wa ndani wa chuma unaozunguka uso wa saa, chini ya kioo. Submariner ya herufi V ina jina la ROLEX lililochongwa mfululizo kuuzunguka ukingo huo wote, na namba ya mfululizo imechongwa humohumo, upande wa chini. Ya herufi Y ina ukingo mtupu. Ikiwa ukingo wa saa uliyoonyeshwa ni mtupu, basi mwili wa saa unakubaliana na namba yake, na ni kadi pekee iliyo ngeni. Kadi za plastiki nazo zilianza takriban mwaka 2006. Saa ya Y ilitoka dukani na cheti cha karatasi ambacho namba yake ilitobolewa kwa vitundu vidogovidogo unavyoweza kuviona ukikielekeza kwenye mwanga.

Usichanganye hali hii na tofauti ya tarehe peke yake. Saa iliyotengenezwa 2003 inaweza kukaa kabatini kwa wakala na kuuzwa 2005, na cheti chake kikaandikwa 2005, bila kasoro yoyote. Namba ya mfululizo ndiyo haina mjadala: inalingana au hailingani.

Unauliza kuna ubaya gani. Ubaya wa kwanza ni kwamba unaongezewa dirham 5,000 kwa karatasi ya saa ya mtu mwingine. Wa pili ni mzito zaidi. Kadi, vyeti na maboksi huuzwa peke yake mtandaoni, na anayenunua kadi pekee kwa kawaida ana saa inayohitaji kuvishwa historia. Wakati mwingine ni kwa sababu tu saa tupu haiuziki haraka, lakini wakati mwingine ni kwa sababu saa hiyo iliibwa. Ni sawa na kununua gari kwa kadi ya gari lingine: injini inaweza kuwa nzima kabisa, lakini swali la mwenye gari ni nani linabaki palepale. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, ipeleke namba iliyo kwenye kasha, wala si ile ya kwenye kadi, kwa The Watch Register ya hapa London, ambao huweka kumbukumbu za saa zilizoibwa au kupotea. Ipo pia Enquirus, huduma ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2023 na Richemont, kampuni ya Uswisi ya bidhaa za anasa, ambayo hupokea taarifa za saa zilizoibwa au kupotea za kampuni mbalimbali.

Jibu la pili (kutoka Mombasa)

Mimi ni fundi wa saa, na ninaongeza upande wa benchi, kwa kuwa mwenzangu wa London ameshaeleza vizuri upande wa karatasi.

Kijana wangu, muuzaji anapokwambia kwamba saa ni halisi, anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kasha na kuficha kuhusu mengine. Mtu aliyekubali kuambatanisha kadi ngeni anaweza pia kuwa amekubali uso mgeni au mashine ngeni. Omba saa ifunguliwe mbele yako. Ndani unapaswa kukuta mashine ya 3135, ambayo hupiga mara 28,800 kwa saa. Iwekwe juu ya kipima mwendo katika mikao kadhaa, uso ukiwa juu, uso ukiwa chini, na kichwa cha kutilia ufunguo kikiwa upande, kwa sababu saa inaweza kwenda vizuri ikiwa imelala na kuharibika ikiwekwa wima. Ujue pia kwamba namba ya mashine ya Rolex haiandikwi kwenye kadi, kwa hiyo karatasi hata zikilingana hazikuambii lolote kuhusu kilichomo ndani. Patek Philippe, kampuni nyingine ya saa ya Uswisi, ni tofauti: namba ya kasha na namba ya mashine zote zimo katika kumbukumbu zake, na unapoomba dondoo ya kumbukumbu hizo huulizwa zote mbili.

Kisha chukua lenzi uitazame ile namba ya Y. Michongo ya kiwandani ni mistari safi, yenye kingo kali, na ukiigeuza saa taratibu chini ya taa utaona mwanga ukiteleza ndani ya herufi. Namba iliyofutwa na kuandikwa upya kwa tindikali huonekana kama vumbi la nukta ndogo, na chuma kilichoizunguka huwa na rangi tofauti kidogo. Angalia vilevile kama pembe za kasha zimebaki na unene wake, maana saa iliyong'arishwa mara nyingi hupoteza umbo, na hilo halirudi.

Mwisho, usikubali ahadi ya kwamba Rolex watakuandikia kadi nyingine baadaye. Hawatoi kadi mpya ya waranti kwa saa iliyopoteza ya kwake. Ukiipeleka saa kwao kwa matengenezo na ikakubaliwa, utapewa kadi ya matengenezo yenye waranti ya miaka miwili, na hiyo kwangu ina thamani kuliko kadi ya 2009 isiyohusika.

Jibu la tatu (kutoka Muscat)

Nakubaliana na wote wawili, ila nisingependa ndugu yetu aamini kwamba karatasi zinazolingana zinamaliza kazi. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya toleo la 2915-1 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni tatu za Uswisi, na aliyeinunua alikuwa Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa ya kuunganishwa kutoka vipuri mbalimbali, na ikawatuhumu waliokuwa watumishi wake kuhusika. Kama wenye saa wenyewe waliweza kudanganyika, basi mnunuzi wa Deira aikague saa kwanza na karatasi baadaye.

Muulizaji

Shikamoo fundi, na asanteni sana wakuu. Nimerudi dukani leo jioni na kuutazama ule ukingo: ni mtupu kabisa, hauna hata herufi moja. Nilimwonyesha muuzaji, akanyamaza, kisha akakubali kuniuzia saa bila kadi kwa dirham 30,000. Amekubali fundi aifungue, lakini anasita kuandika namba ya Y kwenye risiti. Anasema risiti yao huandikwa jina la saa tu.

Jibu la kwanza (kutoka London)

Hapo ndipo penye uamuzi wako, mkuu. Bei ya 30,000 bado iko juu kidogo, lakini si jambo la kugombania ikiwa fundi ataridhika. Risiti ndiyo ya kugombania. Inapaswa kuwa na jina la duka, tarehe, namba ya toleo, namba ya mfululizo kamili kama ilivyo kwenye kasha, na maneno kwamba saa imeuzwa bila karatasi. Ukitaka kuiwekea bima, kuipitisha forodhani au kuiuza baadaye, hiyo ndiyo hati pekee utakayokuwa nayo inayoiunganisha saa hiyo na wewe. Akikataa kuiandika hata baada ya namba kuonekana safi katika kumbukumbu za saa zilizoibwa, mwachie saa yake. Submariner za 16610 zilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 20, na huko huko Deira utapata nyingine.

Muulizaji

Nimeelewa. Namba nimeshaituma London, na nimemwambia muuzaji kwamba sitalipa kabla majibu hayajarudi na risiti haijaandikwa kama ulivyoeleza.