Sauti za marehemu kwenye programu: ni yeye?

Fundi Simu, Kadutu (Bukavu):
Jambo wote. Mteja aliniletea simu iliyozama ziwani, nikakausha bodi na kuokoa sauti za marehemu baba yake. Sasa anauliza: akiilisha programu ya akili mnemba sauti hizo, mzee atakuwa ndani? Nimjibu nini?

Mama Neema, Ibanda:
Hapana, mwanangu. Programu kama ChatGPT imefunzwa kwa maandishi ya watu wengi mno, inakisia neno linalofuata. Ukiipa sauti za mzee itamwigiza tu, kama kasuku. Kunakili akili ya mtu mwenyewe ni jambo lingine: ni kuchora kila seli ya ubongo na jinsi zinavyoungana, kisha kuiendesha yote kwenye kompyuta. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda: seli za neva kama 139,000. Kwenye ubongo wa mtu zinakaribia bilioni 86!

Papa Bahati, Nyawera:
Na ramani peke yake haifikiri. Tena mzee ameshazikwa, wangechora nini?

Fundi Simu:
Aksanti. Na wakifaulu siku moja, atakuwa baba au pacha wake?

Mama Neema:
Hapo hata wanafalsafa wanagombana. Wewe mnakilie zile sauti kwenye kadi mbili.