Hanga ya Taulo ya Bi Mkubwa

*Kikundi: Wana wa Bi Mkubwa*

Jumamosi

Salim: Shikamooni wakubwa. Nimefika Tanga salama. Bi Mkubwa mzima, ila ile hanga ya taulo bafuni imeng'oka, imekuja na kipande cha kigae. Leo naifunga mwenyewe.

Zuhura: Mwenyewe?? Salim, feni uliyoifunga mwenyewe mpaka leo inazunguka kama imelewa.

Salim: Dada, feni ilikuwa na matatizo yake tangu dukani. Drili nimeshaazima kwa jirani.

Mjomba Mbaruku: Marahaba. Usiguse kitu. Leta picha.

Salim: 📷 Picha

Mjomba Mbaruku: Ipime hiyo skrubu iliyotoka.

Salim: Sentimita 4, mjomba.

Mjomba Mbaruku: Sasa piga hesabu. Kigae milimita 8. Nyuma yake saruji ya kubandikia pamoja na lipu, hapo kwenu si chini ya milimita 25. Zimebaki ngapi za kuingia kwenye tofali?

Salim: 7 😳

Mjomba Mbaruku: Milimita 7! Huyo fundi alitundika pambo. Chukua za sentimita 6, zisizoshika kutu, maana hapo chumvi ya bahari inakula chuma mpaka ndani ya kabati. Na viplastiki vyake vya ukutani virefu vile vile, vizame mpaka kwenye tofali.

Zuhura: Si anunue zile za kubandika? Kariakoo zimejaa, hutoboi kitu.

Mjomba Mbaruku: Kwa kitambaa cha mkono, sawa.

Salim: Nataka niihamishie pale juu ya bomba, ukuta uko wazi.

Mjomba Mbaruku: SALIM. Maji ya bomba la mvua yanapanda juu kwa njia gani, kwa dua? Paipu imepita wima hapo hapo nyuma ya kigae. Kaa mbali na mstari wa bomba, juu na kando. Na geti valvu, ile koki kuu ya maji, ifungwe kabla hujawasha drili.

Salim: 🚫 *Umefuta ujumbe huu*

Zuhura: Umefuta nini?

Salim: Picha ya alama nilizokuwa nimeshachora 🙈

Mwanaidi: Shikamooni. Bibi kaniambia nimwandikie. Anasema Salim asimvunjie vigae, vya rangi ile havipo tena madukani. Halafu anasema hanga haikung'oka yenyewe, aliishika akiinuka baada ya kutawadha.

Zuhura: Mama!! Ulianguka?

Mwanaidi: Bibi anasema hakuanguka. Alikaa chini ghafla.

Zuhura: Ya Rabi. Lini?

Mwanaidi: Jumanne. Anasema hakuona haja ya kutusumbua.

Mjomba Mbaruku: Basi habari ya hanga tuiweke pembeni kwanza. Hanga ni ya taulo, haibebi mtu hata ukiifunga kwa skrubu za daraja. Salim, tafuta mshikio, kile chuma kinene cha kushikia, chenye matundu matatu kila upande. Usichore alama kwa kukisia. Mwambie dada yangu akae kwenye kigoda chake, ainuke kama siku zote, utazame mkono wake unatafuta wapi. Hapo ndipo pa kutoboa.

Mwanaidi: Bibi anasema yeye si mgonjwa, asiletewe vyuma vya hospitali.

Zuhura: Mama, ni chetu sisi tukija. Na mimi magoti yananiuma.

Mwanaidi: Bibi anauliza kina rangi gani.

Zuhura: Kakubali huyo 😂

Salim: Nimeanza. Ncha inateleza kwenye kigae kama samaki mkononi.

Mjomba Mbaruku: Bandika selotepu ya karatasi, chora alama juu yake. Na zima ile nyundo ya drili! Kigae hakipigwi, kinasagwa. Ncha ya vigae, mwendo wa pole, maji kidogo kwa sponji tunduni. Kidogo! Yasiifikie drili, ule ni umeme. Tundu liwe katikati ya kigae, ukingoni kinapasuka.

Salim: Vumbi lilikuwa jeupe, sasa limekuwa la kijivu.

Mjomba Mbaruku: Umeshavuka kigae. Badilisha, weka ncha ya zege, nyundo irudi.

Salim: Mjomba

Mjomba Mbaruku: Umetoboa paipu?

Salim: LUKU imeisha. Tundu la nne.

Zuhura: Nanunua sasa hivi. Ngoja nikutumie namba za tokeni.

Mjomba Mbaruku: Toa vumbi tunduni wakati unasubiri. Plastiki haishiki kwenye vumbi.

Jumapili

Salim: Mshikio umekaa. Nimeuning'inia na kilo zangu 84, haukutikisika. Hanga nayo nimeifunga karibu na mlango, nimeipima kwa pima maji, imelala sawa.

Zuhura: Maajabu. Mama kasemaje?

Mwanaidi: 📷 Picha

Zuhura: Mbona taulo liko kwenye mshikio?

Mwanaidi: Anasema hapo ni karibu zaidi.

Mjomba Mbaruku: Na kwenye hanga ni nini kile?

Mwanaidi: Ndoo.

Mjomba Mbaruku: Ina maji?

Mwanaidi: Nusu.

Mjomba Mbaruku: Taulo halina neno. Salim, ndoo ishuke sasa hivi.