Kupima mapigo ya moyo kwa utafiti: vibandiko vya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), mkanda wa kifuani au kihisi cha kidole?

Mwanafunzi_Moro
Habari zenu wakuu. Nataka kupima muda kati ya pigo moja la moyo na jingine kwa madereva wa bodaboda, kabla na baada ya zamu, dakika 5 wakiwa wamekaa. Nimefikiria moduli ya AD8232 (kibao kidogo cha kusomea ECG) yenye vibandiko vitatu, mkanda wa kifuani wa Polar H10, au MAX30102, kihisi cha mwanga cha kidole. Bajeti ni ndogo. Nichukue kipi?

fundi_mitambo
Kidole kiweke mwisho, mkuu. Kile kinaona damu ikifika kidoleni, hakioni umeme wa moyo. Wimbi lake lina kilele butu, wakati tofauti unazozitafuta ni za milisekunde. Akitikisa mkono tu, imeharibika. Kilele cha R kwenye ECG, yaani ncha ndefu ya kila pigo, kimechongoka kama mwiba, hukikosi. AD8232 ni ya bei nafuu, ila rekodi angalau mara 250 kwa sekunde, na kompyuta itumie betri. Chaja ikiwa ukutani, umeme wa hezi 50 unakujazia mchoro, na mtu uliyemfunga waya hayuko salama.

nesi_wa_zamu
Mimi naomba muangalie ngozi, hapo ndipo wengi wanapokwama. Dereva anakuja na jasho na vumbi, kibandiko hakishiki. Mfute kwa maji, mkaushe, sugua taratibu kwa shashi, mnyoe vinyweleo akiridhia. Kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine chini ya mtulinga wa kushoto, cha tatu chini ya mbavu upande wa kulia. Juzi tulitumia pakiti iliyokaa wazi wiki nzima: jeli imekauka, mstari unapanda na kushuka kama wimbi la bahari.

Mama_Data
Mimi natumia mkanda. Lowesha elektrodi zake (sehemu zinazogusa ngozi) kwa maji, mshiriki anajivalisha mwenyewe faraghani, hakuna waya. Lakini usichukue namba za R-R (muda kati ya kilele kimoja cha R na kinachofuata) peke yake! Pigo la ziada linajificha humo. Chukua na mchoro, unautoa mara 130 kwa sekunde. Kidole nilikiacha nilipompata dada mwenye piko hadi kwenye ncha za vidole, mwanga haukupita vizuri.

Mwanafunzi_Moro
Asanteni sana. Naazima mkanda, na AD8232 nitaijaribu kwanza kwangu mwenyewe. Na kahawa ya kijiweni je? Wote wanakunywa asubuhi.

nesi_wa_zamu
Usiwakatalie, watakukimbia. Andika saa ya kikombe cha mwisho na sigara ya mwisho, kisha wapumzishe dakika 10 kabla hujaanza kurekodi.