Phoenix Park, Dublin: ukuta wa mawe uliozibwa saruji, unyevu umehamia ndani

Mwashi_D8
Wakuu, tuchukue kijumba cha langoni cha karne ya 19 ndani ya Phoenix Park, hifadhi iliyoanzishwa 1662 kwa kulungu wa mfalme. Kuta ni lile jiwe jeusi la chokaa la Dublin. Maungio yalishazibwa kwa saruji. Lipu ya ndani inabanduka, chumvi nyeupe chini ya madirisha, ncha za boriti za sakafu zinabonyea kwa bisibisi. Pa kuanzia ni wapi, na chokaa gani?

ChokaaMbichi
Lipu iwe ya mwisho, mkuu. Anza na mifereji ya paa. Ule wa chuma hupasuka upande wa nyuma, unaogusa ukuta, na ukiwa chini huuoni. Pitisha kioo kidogo.

Kisha maungio. Jiwe lile halinywi maji, ukuta unapumua kwa maungio tu. Saruji ikiziba, maji yaliyopenya kwenye nyufa yanatokea ndani, na chumvi nayo. Ndiyo kasoro ya Mji Mkongwe Zanzibar, ila huku kuna na barafu.

Toa kwa tindo nyembamba. Grinda inakata kingo za jiwe, alama haifutiki. Saruji iliyong'ang'ania jiwe, iache. Kina kiwe mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 25. Chokaa ya haidroliki, yaani inayokaza kwa maji, daraja la NHL 3.5, kipimo 1 kwa mchanga 2.5, mchanga mkali wa punje mchanganyiko hadi milimita 4. NHL 5 wanaipenda kwa kukaza. Kwa kazi hii naiona saruji iliyobadilishwa jina.

Lowesha ukuta jana yake. Jaza, na kidole kikiacha kuzama kwenye chokaa, gonga kwa brashi ngumu mpaka punje zionekane. Funika magunia mabichi, siku 7 angalau. Joto likiwa chini ya nyuzi 5, acha: maji yakiganda humo, ungio linamong'onyoka kama biskuti. Septemba ikiisha, funga kazi ya nje.

Mpasuambao
Hizo boriti usizichukulie poa. Kuvu ya mbao huamka unyevu ukizidi asilimia 20, na nyuzi zake hupita ukutani kutafuta mbao nyingine. Pale Ashtown, humo humo hifadhini, nyumba kubwa ilibomolewa kwa kuoza namna hiyo. Ndani ya kuta zake ukatokea mnara wa mawe wa kale, ndio unaoitwa Ashtown Castle leo. Kata mpaka nusu mita kupita mbao iliyooza, unga kipande kipya, na ncha inayoingia ukutani iachie nafasi ya hewa pande zote. Dawa bila kukausha ukuta ni hela imetupwa.

Mwashi_D8
Asante. Jukwaa la kupandia ukutani tufunike kwa wavu?

Mpasuambao
Juu sawa, chini hapana. Oktoba madume ya kulungu yana wazimu wa kupandana, pembe zinanasa kwenye wavu na kamba. Chini zungushia uzio wa chuma. Na kabla ya kufungua paa tafuta popo: Ireland wanalindwa kisheria, wakiwemo hugusi kigae bila kibali.