Mjadala: Sheng ipigwe marufuku nyumbani?

Mleta mada, Langoni: Asalaam alaykum, Waamu. Mtaani kwetu hapa Lamu wazazi kadhaa wamekubaliana kuhusu Sheng, hii lugha ya vijana wa mitaani: mtoto akimwita mamake "mathe", au akiingia na "niaje" badala ya salamu, hapewi pesa ya viazi karai. Mimi siungi mkono. Wazee wetu si walicheza Kinyume? Silabi ya mwisho waitanguliza, nyumba yawa "mbanyu", samaki "kisama", sisi watoto tusiambulie neno. Askofu Steere alishayaandika hayo Unguja karne ya 19, na Kiswahili hakikufa. Semeni.

Mama wa Shela: Kinyume ukikifumua wapata Kiswahili kilekile, mwanangu. Hii "finje" ya shilingi 50 na "thao" ya shilingi 1,000 ukizifumua wapata nini? Juzi nimemtuma kijana dukani, karudi aniambia "imebaki mbao". Nikamwuliza mbao za nini, kwani twaunda jahazi? Kumbe ni shilingi 20!

Mwalimu, Malindi: Huku vijana wa ufuoni wanatia na Kitaliano, "ciao" hata kwa asiye mtalii. Sina ugomvi nao, darasani wanajua kujirekebisha. Lakini Sheng ikiingia kwenye insha, nakata alama.

Kijana wa Mkomani: Na "ndia" je, maalim, yaani njia kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu? Mtoto wa Amu akiandika "mato" kwa macho au "moya" kwa moja, hukati? Wakata! Mwaka 1928 walikaa Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu, tangu hapo maneno ya bibi zetu yawekewa mkasi shuleni. Na wazazi wakanyamaza, wengine wakafurahi. Sasa ndio mwaikamata Sheng? "Matatu" nalo lilianza mitaani, kwa mapeni matatu ya nauli, na leo hata serikali yalitumia. Mimi kwa bibi ni Kiamu, kwa wenzangu Sheng, sanifu naiweka ya mtihani.

Mama wa Shela: "Mato" sikatai, ndiyo maziwa niliyonyonya. Ninachokataa ni mtoto kuniita "msee", kama jamaa wa rika lake, mbele ya wageni. Hapo si lugha tena, ni adabu.

Kijana wa Mkomani: Hilo nakubali, mama. Basi wakataze utovu wa adabu, wasikataze maneno.

Mwalimu, Malindi: Kweli "ndia" nakata, maana mwongozo wa kusahihisha hauniachii nafasi. Nikiipa alama, mkaguzi akija, ni nani kati yenu atasimama nami?