Mashirika ya haki Mombasa: yanatujibu sisi au wafadhili?

Mwana wa Kibokoni
Marekani ilipofunga mfereji wa USAID, shirika lake la misaada, 2025, mashirika mengi nchini yalipunguza wafanyakazi. Nauliza kwa dhati: shirika linalopumua kwa pesa za ng'ambo ni la raia kweli? Wazee wetu walikuwa na wakfu na vyama vya kuzikana, wala hakuna aliyemwandikia Mzungu ripoti. Sasa shida yetu haisikiki mpaka ilingane na mada ya mfadhili: juzi itikadi kali, leo tabianchi. Na watu wa Likoni wamezoea, wanajaza kumbi kwa ajili ya posho.

Bi Mtongwe
Likoni imeingiaje hapa? Mimi huenda semina hizo na nauli napokea. Ulitaka mama aache karai lake la viazi siku nzima arudi mikono mitupu?

Kijana wa Tudor
Feri ya Likoni ni bure kwa waenda kwa miguu, bi mkubwa.

Bi Mtongwe
Na tuktuk ya kutoka Mtongwe hadi feri ni bure pia? Waulizeni wanaovuka kila siku kabla hamjaandika.

Changamwe Juu
Turudi kwenye swali jamani. Sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu pale mtaa wa Owino Uhuru nani angeijua bila mwanaharakati Phyllis Omido kupewa tuzo ya mazingira ya Goldman? Dunia ilipotazama ndipo serikali ikasikia.

Jirani wa Jomvu
Hapana! Kiwanda kilifungwa 2014, tuzo ikaja 2015. Watu walishaandamana, Omido alishakamatwa 2012. Fidia ya wakazi, shilingi bilioni 1.3, iliamuliwa na mahakama ya hapa hapa Mombasa 2020. Mahakama ya Rufani ikaifuta, Mahakama ya Juu ikairudisha 2024. Ushindi wetu msimpe mgeni.

Changamwe Juu
Kesi miaka yote hiyo, gharama alibeba nani? Harambee ya mtaa?

Mwana wa Kibokoni
Ndilo ninalosema. Vijana walioandamana Juni 2024 hawakuwa na ofisi wala mfadhili, simu tu, na Mswada wa Fedha ukaondolewa.

Jirani wa Jomvu
Na Rais akasema nini mwezi uliofuata? Akailaumu Ford Foundation, wafadhili wa Marekani, kwa kugharimia fujo, nao wakakana. Ukiwa na mfadhili wewe ni kibaraka, usipokuwa naye utatafutiwa. Hapa kwetu, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa 2015, mashirika ya haki ya MUHURI na Haki Africa walifungiwa akaunti kwa tuhuma za ugaidi, mpaka mahakama ikawasafisha. Maneno yako, Kibokoni, ndiyo hayo hayo ya serikali.

Mwana wa Kibokoni
Usinifananishe na serikali! Mimi nataka hesabu zao zisomwe barazani mbele ya watu wa mtaa, kama kamati ya msikiti inavyosoma zake.

Bi Mtongwe
Hilo naliunga mkono. Lakini Likoni hujaiomba radhi.

Mwana wa Kibokoni
Sikuwatukana. Nimesema posho.

Bi Mtongwe
Umesema *wamezoea*. Nimelisoma mara mbili.

Kijana wa Tudor
Kwani hiyo tuktuk ni shilingi ngapi siku hizi?