Tupeane uzoefu: kazini kwako anayeamua ni mtu au ni mfumo?

Heshima kwenu wakuu. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitimiza miaka 100, likapitisha tamko linalotaka binadamu awe kiini cha mustakabali wa kazi. Tume iliyotangulia tamko hilo ilisema wazi: hata akili bandia ikitumika, uamuzi wa mwisho unaogusa kazi ya mtu ufanywe na mtu. Mimi naona jambo lote limelalia hapo.

Naanza na langu. Niko huduma kwa wateja, upande wa simu. Simu ikizidi muda uliowekwa, mfumo unakushusha alama, na alama ndizo zinazopanga zamu. Siku moja alipiga mama aliyefiwa na mumewe, anataka kufunga akaunti ya marehemu. Analia, anatafuta karatasi, namba zinamchanganya. Mtu wa hivyo humkimbizi. Nilimsubiri mpaka akamaliza, kesho yake alama zangu nyekundu. Msimamizi wangu alikaa akasikiliza rekodi yote, akaifuta ile alama, akapeleka hoja juu kwamba simu za misiba zisipimwe kwa muda. Sasa tuna kitufe: unabonyeza, saa inasimama. Mfumo ni uleule.

Dereva wa Usiku: Shukuru una msimamizi, mkuu. Mimi natafuta abiria kwa programu ya simu. Akaunti ilifungwa ghafla, ujumbe unasema "umekiuka masharti". Masharti yapi? Kimya. Ukilalamika, jibu linarudi papo hapo, maneno yaleyale, unajua kabisa hakuna aliyesoma. Gari ni la mkopo, na mkopo hausubiri. Baadaye ikafunguliwa bila maelezo. Mpaka leo sijaambiwa kosa langu, na hilo linaniuma kuliko hela niliyokosa.

Mwanzisha mada: Pole sana. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kazi za majukwaa, yaani kazi zinazopatikana kwa programu kama hiyo yako, mwaka 2024: akaunti ya mfanyakazi ifungwe kwa uamuzi wa binadamu, na apewe sababu kwa maandishi. Nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026 kuiingiza kwenye sheria zao.

Muuguzi: Kwetu programu ilianza kupanga zamu. Kwenye hesabu saa zilikuwa zinatimia, mwilini hazitimii: unatoka usiku, kesho asubuhi unatakiwa wodini. Tukaomba wawili wetu wakae na fundi wake. Alipouliza makabidhiano yanachukua muda gani, tukatazamana. Hayakuwemo kabisa! Ule muda wa kumweleza mwenzako mgonjwa yupi kabadilika, nani hajapata dawa, mashine haikujua upo, na sisi tulikuwa tunautoa kwenye usingizi wetu. Sasa umo kwenye ratiba, na unalipwa.

Karani: Kwetu ni dogo tu: baada ya saa za kazi bosi haandiki. Ufaransa haki hiyo imo kwenye sheria tangu 2017, sisi ni makubaliano ya mdomo. Lakini nalala.

Dereva wa Usiku: Mwanzisha mada, kile kitufe mlikipataje? Barua au kikao?

Mwanzisha mada: Barua. Tuliambatanisha rekodi za simu za aina ile, tukaomba badiliko moja tu, msimamizi akasaini. Nyie mkiwa na umoja wa madereva, anzeni na hilo la sababu kwa maandishi. Wa viwandani na maghala bado hatujawasikia, karibuni.